Sauti Mbili za Krismasi Chini ya Kibo

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Kahe mwezi wa Desemba, jua likiwa limeukausha uwanda na vumbi limetanda juu ya majani, akiinua macho kaskazini alfajiri kabla mawingu hayajakusanyika, huiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imetulia mita 5,895 juu ya bahari, ilhali yeye mwenyewe shati limemganda mgongoni kwa jasho. Ni nchi chache za Afrika Mashariki ziwezazo kuzisikiliza nyimbo za Krismasi za ng'ambo, ambazo aghalabu husifu theluji, huku zikiitazama theluji yenyewe. Na hapo ndipo nionapo sababu mojawapo ya albamu ya waimbaji wa kantri wa Marekani, Kenny Rogers na Dolly Parton, Once Upon a Christmas, kupata makao katika sikukuu za mlimani na za uwandani.

Albamu hiyo ilitolewa na kampuni ya RCA mwezi wa Oktoba 1984, ikiwa na nyimbo kumi, baadhi za zamani na nyingine mpya, ambazo nyingi alizitunga Dolly mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma wawili hao walikuwa wameimba Islands in the Stream, wimbo uliotungwa na ndugu watatu wa kundi la Bee Gees, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Basi wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuzizoea sauti zao, ya mwanamume nzito yenye mkwaruzo, na ya mwanamke nyembamba ipandayo juu kama moshi wa jiko la asubuhi. Nakala zaidi ya milioni mbili ziliuzwa Marekani peke yake. Lakini mimi hustaajabia zaidi asili ya Dolly kuliko hesabu hizo: alizaliwa mwaka 1946 milimani Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, katika kibanda cha chumba kimoja, na baba yake, kwa kukosa fedha, akamlipa tabibu gunia la unga wa mahindi. Habari hiyo mkulima wa Kahe hahitaji kufasiriwa.

Wala muziki huo wa kantri haukutukuta wageni kabisa. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kisha, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakajenga tawi kutoka Voi kupitia Taveta, wakaitwaa stesheni ya Kahe Machi 1916, na kijiji hiki kikawa njia panda ya bandari mbili, Tanga na Mombasa. Kwa njia za namna hiyo, zilizochimbuka bandarini zikaingia bara, ndipo gramafoni zilipoenea. Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za Afrika, alipofika kwa Wakipsigis wa Kenya mwaka 1950, aliwakuta wasichana wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, wakimwita Chemirocha na kumdhania nusu mtu, nusu paa. Baadaye akaja Jim Reeves, ambaye sauti yake tulivu ilipendwa katika Afrika Mashariki yote hata baada ya kifo chake mwaka 1964.

Huku Kilimanjaro kulikuwa na jambo jingine lililoyaandaa masikio. Wamisionari Wakatoliki na wa Kilutheri walikwisha kuingia mlimani kabla karne ya kumi na tisa haijaisha, na tangu hapo vizazi kadhaa vimelelewa katika kwaya, vikijua kuiacha sauti ya kwanza iende mbele na kuisindikiza kwa ya pili pasipo kuifunika. Mtu aliyelelewa hivyo, akiwasikia Kenny na Dolly wakipokezana beti kisha wakikutana katika kiitikio, hutambua mara moja ustadi wa kupishana, maana ndio alioufanyia mazoezi kila Alhamisi jioni.

Wakati nao ulisadifu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ile njia ya Kahe kwenda Voi ikakatika. Ulifunguliwa tena Novemba 1983, na katikati ya mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, baada ya miaka ambayo sabuni yenyewe ilikuwa ya kupangia foleni. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo, ikaja miaka kumi baadaye. Kilichokuwapo ni redio kaseti, na kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilirekodiwa kutoka nyingine, hata mvumo wa upepo ukawa sehemu ya wimbo. Kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Biki, ikizungushwa taratibu kwenye tundu lake, ili betri zisiishe bure. Na betri zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati, kisha zikaingizwa tena, na Dolly akaamka akiimba kwa sauti nzito kidogo kuliko aliyopewa na Mola wake.

Wachagga wana desturi ya kurejea nyumbani kila Desemba, kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kuchinja mbuzi, kunywa mbege na kuwaona wazee. Na hapo ndipo nyimbo hizi za kurudi kwa jamaa hupata wenyewe. Desemba 2019 treni ya abiria ilianza tena safari za Dar es Salaam na Moshi, baada ya kukoma miaka mingi, ikipita Kahe kama zamani. Kenny Rogers alifariki miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Machi 2020. Dukani Kahe, mbele ya magunia ya mpunga, sauti yake bado hutoka katika simu ya kijana aliyezaliwa baada ya zama za kanda, na ya Dolly huingia juu yake, wakati mawingu ya saa nne yanaanza kukifunika kilele.