Ziwa Lilipopanda Mimbarini

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya Kasaba, kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto ukafurika watu wakiwa usingizini. Ulishuka na mawe, magogo na tope, ukabomoa nyumba za ufukweni. Waliokufa walipita 100, wengi wao watoto na wazee. Kabla ya hapo, 2021 na tena 2024, ziwa lenyewe ndilo lililopanda, na huko Uvira, Baraka na Kalemie watu wakahama nyumba zilizobaki zimesimama majini.

Naanzia Kasaba makusudi. Habari za viongozi wa dini wa Kongo na vita vyao dhidi ya nishati chafu huanza kusimuliwa kutoka Kinshasa au Roma, kana kwamba mwambao huu hauna sehemu ndani yake. Unayo, tena kubwa.

Kwa miaka mingi Kanisa la huku lilijulikana kwa damu yake. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wa Kisaveri Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku hiyohiyo, Fizi, wakauawa Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Baada ya uasi ule zikaja vita za 1996 na 1998, na nyingine ambazo hata majina hayajazikaa. Padri, mchungaji au shehe aliyekuwa akizika watu na kupokea wakimbizi angepata wapi nafasi ya kuhubiri juu ya hewa na misitu? Kuchelewa kwao nakuelewa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2015. Mwezi Juni Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si', uliotaka nishati za makaa ya mawe, mafuta na gesi ziachwe hatua kwa hatua bila kuchelewa. Agosti, wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul wakatoa tamko lenye ombi hilohilo. Na mwaka huohuo Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walifikia kambi ya Lusenda, kaskazini kidogo ya Baraka: maelfu ya familia zilizohitaji kuni na mkaa kutoka vilima vilevile walivyovitegemea wenyeji. Siwalaumu hata kidogo. Mkimbizi hapiki kwa maneno.

Mwaka 2018 Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Wakimbangu wa Kongo walishikana mikono katika mpango wa dini zote wa kulinda misitu ya mvua, uliokuwa umezinduliwa Oslo mwaka mmoja kabla. Huko walizungumza zaidi juu ya msitu. Ziwa lilingoja zamu yake.

Na ziwa lina kesi ya kujitetea. Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na virutubishi vingi vimelala chini kabisa. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini ndio unaoyachanganya maji, chakula kikapanda juu, dagaa tunaowaita ndagala wakala, samaki wakubwa zaidi waitwao mikeke nao wakala ndagala, na mvuvi wa Baraka akapata ada ya shule ya watoto. Tabaka la juu likipata joto, linakaa kama kifuniko na upepo unashindwa kulivunja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20 kwa sababu hiyo. Joto hilo halikutoka kwa mvuvi mwenye karabai, bali kwa wanaochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Ndiyo maana mwezi Julai 2022 uliuma. Mwanzoni mwa mwezi, Kardinali Michael Czerny wa Vatikani alisema wazi kwamba utafutaji mpya wa makaa ya mawe, mafuta na gesi lazima ukome. Tarehe 28, Kinshasa ikafungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Kati ya vile 27, vitalu 11 vilikuwa katika bonde la ufa la Tanganyika. Ziwa hili lina takriban asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani, na maji yake hukaa humo kwa karne nyingi, kwa hiyo mafuta yakimwagika hayana pa kwenda upesi.

Mnamo Oktoba 2024 serikali ilifuta zabuni ile, ikieleza kwamba maombi yalichelewa au hayakukidhi masharti, na ushindani ulikosekana. Sitadai kwamba ni sala zilizoifuta. Lakini ilipata pigo kutoka kila upande, na wenye imani walikuwa miongoni mwa waliosema hapana.

Ninalowadai viongozi wetu ni jambo la karibu zaidi. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia makala hufikiria maandishi kama haya. Kwetu makala ni mkaa, unaowaka katika mbabula, jiko la kila ua. Kongo nzima ni takriban mtu mmoja kati ya watano tu anayepata umeme. Anayehubiri dhidi ya kisima cha mafuta na kunyamazia gunia la makala linaloshuka kutoka milima ya Fizi amesema nusu ya neno. Mlima uliovuliwa miti haushiki mvua. Mama mwenye mbabula hana kosa, ila anastahili kuletewa moto mwingine, na parokia, misikiti na hospitali kama ile ya Wamethodisti Huru ya Nundu ndizo taasisi anazoziamini.

Mwezi uleule wa Kasaba, Kinshasa ilifungua vitalu vipya 52 vya mafuta, safari hii katika bonde la kati la mto Kongo. Tarehe 1 Julai 2025, huko Vatikani, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alisimama na wenzake wa Asia na Amerika ya Kilatini kukabidhi waraka wa haki ya tabianchi unaotaka upanuzi wa nishati chafu ukome. Ilikuwa siku ya 53 tangu mto ushuke Kasaba.