Mtoto Apite Njia Gani?

Mwaka 1879, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, kijana wa Kiingereza aitwaye Robert Felkin alimtazama mganga wa Kinyoro akimpasua tumbo mwanamke wa miaka kama 20 aliyeshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza. Mgonjwa alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Pombe hiyohiyo mganga aliitumia kunawa mikono na kuosha tumbo. Msaidizi alizuia damu kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, mji wa mimba ukakandwa hadi ukajikaza, kisha tumbo likafungwa kwa misumari saba ya chuma iliyosuguliwa vizuri na kuzungushiwa uzi wa gome la mti. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona.

Madaktari wa Edinburgh waliposimuliwa haya mwaka 1884 walikuwa na sababu ya kushangaa. Takwimu za Uingereza na Ireland za mwaka 1865 zilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliopasuliwa ili wajifungue, takriban 85 walikufa. Mganga asiyejulikana hata jina alikuwa amefanya kazi ambayo wengi wao wangeiogopa.

Masimulizi ya Felkin yanaishia kwenye kupona kwa jeraha. Mwanamke yule alipopata mimba nyingine, kama aliipata, ilikuwaje? Mji wake wa mimba haukushonwa. Lakini hata Ulaya swali hilo lilikuwa halijapata nafasi ya kuulizwa, kwa sababu waliopasuliwa wengi hawakuishi kuifikia mimba ya pili. Mwaka 1876, huko Pavia, Italia, Eduardo Porro alipata njia ya kuwaokoa: baada ya kumtoa mtoto aliukata na mji wa mimba wenyewe, damu ikakoma, mama akapona, na uzazi ukaishia hapo. Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyewashawishi wenzake, kuanzia mwaka 1882, kwamba mji wa mimba ushonwe na kuachwa ndani. Tangu hapo mwanamke aliyejeruhiwa na uzazi aliweza kubeba mimba tena, na mtu akalazimika kuamua mtoto huyo apite wapi.

Kwa muda mrefu aliyeamua hakuwa mwanamke mwenyewe.

Mwaka 1916 daktari wa New York, Edwin Cragin, alitamka kanuni iliyodumu miongo mingi: aliyejifungua kwa kisu mara moja atajifungua kwa kisu siku zote. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa akiwaonya madaktari wenzake wasikimbilie upasuaji wa kwanza, maana utawadai mwingine na mwingine. Katika hotuba hiyohiyo alimtaja mgonjwa wake aliyezaa kwa njia ya kawaida mara tatu baada ya kupasuliwa. Onyo likageuzwa amri, na kwa chale za zama zile amri hiyo ilikuwa na mantiki: mji wa mimba ulichanwa wima sehemu ya juu, yenye misuli minene inayojikaza kwa nguvu wakati wa uchungu, na kovu lake lingeweza kuachia ghafla. Katika miaka ya 1920 John Munro Kerr wa Glasgow aliipigania chale ya kulala, chini, mahali pembamba pasipovutwa sana. Wanawake wenye kovu la namna hiyo wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida hupasuka mji wa mimba takriban mmoja katika kila 200. Palipo na thieta na damu ya kuongezwa, wengi wanaweza kujaribu. Pasipo na vitu hivyo, yule mmoja anaweza kufa.

Ireland walijibu kwa namna nyingine, na ukurasa huo ni mchungu kuusoma. Kuanzia miaka ya 1940 madaktari wa hospitali kadhaa, wengi wao Wakatoliki wenye msimamo mkali, waliona kwamba mwanamke aliyepasuliwa mara kwa mara mwishowe angetaka kufunga uzazi au kuzuia mimba, jambo lililokatazwa na Kanisa. Ili kumwepusha na kovu, walikata kiungo cha mbele cha nyonga yake, mifupa ikaachana, mtoto akapita. Wanawake wapatao 1,500 walifanyiwa hivyo hadi miaka ya 1980, wengi bila kuulizwa. Baadhi yao hawakutembea sawasawa tena. Serikali ilianza kuwalipa fidia mwaka 2014, wakati wengi walikuwa vikongwe.

Upasuaji huohuo ulitumika pia katika hospitali za misheni barani Afrika, ila kwa hoja tofauti: mama akirudi kijijini akiwa na kovu tumboni, uchungu wa mara ya pili utamkuta mbali na daktari. Hoja hiyo ina uzito ambao ile ya Ireland haina. Hata hivyo iliuchukua umbali wa hospitali kama jambo lisilobadilika, ikaona mwili wa mwanamke ndio wa kubadilishwa.

Katika Afrika Mashariki jeraha linalolifanya swali hili kuwa zito kuliko yote ni fistula. Uchungu ukidumu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama dhidi ya mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama inakufa, na tundu linabaki kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Mama huvuja mkojo mchana na usiku.

Ushonaji wa fistula nao una historia yenye doa. James Marion Sims, wa Montgomery, Alabama, aliupata ustadi huo kwa kuwafanyia majaribio wanawake watumwa kati ya mwaka 1845 na 1849, bila dawa ya usingizi. Kwa maelezo yake mwenyewe, mmoja wao, Anarcha, aliyeumia akiwa na miaka 17 baada ya uchungu wa siku tatu, alipasuliwa mara 30. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018.

Cairo ilimtoa bingwa mwingine, Naguib Pasha Mahfouz. Mwaka 1911 alimzalisha mama mmoja kwa shida, na wazazi kwa shukrani wakampa mtoto jina la daktari. Mtoto huyo ndiye mwandishi Naguib Mahfouz, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 1988. Maandishi ya daktari Mahfouz yaliwasaidia Reginald na Catherine Hamlin, mume na mke waliofika Addis Ababa mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu wakabaki maisha yao yote. Hospitali yao ya fistula ilifunguliwa mwaka 1974.

Kwa aliyeshonwa fistula, ushauri wa kawaida ni kwamba mtoto atakayefuata azaliwe kwa upasuaji, kwani kichwa kikipita palepale mshono unaweza kufumuka. Ushauri ni rahisi kutoa wodini. Kuutekeleza kunadai thieta iliyo karibu, na hapo Tanzania ina la kujivunia: kuanzia mwaka 1963 ilifundisha madaktari wasaidizi, na hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Baadaye hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ikaanza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa. Hatua hiyo ndogo inaonyesha kuelewa tatizo kuliko hotuba nyingi.

Kwa majeraha mengine jibu halinyooki hivyo. Waliochanika hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, wakapona bila kubaki na tatizo, wengi huzaa tena kwa njia ya kawaida. Anayeshindwa kuzuia choo au upepo ana sababu nzuri ya kuomba upasuaji. Lakini ili achague, lazima kwanza aelezwe hatari zilizopo, na Uingereza ilibidi kungoja hadi mwaka 2015 ndipo Mahakama ya Juu, katika kesi ya mama aitwaye Montgomery, ikatamka kwamba daktari hana haki ya kumficha mjamzito hatari ambayo mjamzito mwenyewe angeiona kubwa.

Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kushonwa fistula, kuchanika vibaya au kupasuliwa aanze kliniki mapema, aeleze yote hata kama anaona haya, na ahakikishe yameandikwa kwenye kadi yake. Aulize chale yake ilikuwa ya namna gani. Kama anaishi mbali na thieta, asingoje uchungu: ahamie kwa ndugu walio karibu na hospitali, au kwenye chigonela, ile nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake.