Ngoma za Chuka na Sauti Zilizodondolewa

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru, akiambaa ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, hupita Chuka, mji ambao jina lake hutajwa nchini pamoja na ngoma zake. Ngoma hizo ni magogo marefu yaliyochimbwa na kuwambwa ngozi, na mpigaji huibana yake baina ya mapaja ikiwa imeinama, akaipiga huku akicheza, hata mgeni asitambue mara moja kama ni mtu aichukuaye ngoma au ni ngoma imchukuayo mtu. Lakini ladha yake haimo katika ngoma moja. Imo katika mapatano ya ngoma nyingi, ambapo huyu hushika mwendo, yule akaukatiza, na wa tatu akawajibu wote wawili. Na anayesikiliza kipande kilichokatwa hapo katikati husikia jibu ilhali swali lake limeachwa nyuma.

Kwa sababu hiyo sanaa ya kudondoa sauti, yaani kukata kipande cha sauti iliyonaswa na kukitia katika muziki mwingine, ni mtihani wa namna ya pekee kwa watu wa nchi hii. Kuazima si jambo geni kwao. Katika kirarire, nyimbo ambazo Wameru huziimba vijana wanapotahiriwa, kiongozi hutwaa mahadhi aliyoyarithi akayavika maneno ya siku hiyo, na waitikiaji wakampokea. Mwaka 1929, fitina ya tohara ya wasichana ilipotikisa misheni ya Chogoria kwa namna ambayo waumini wengi walijitoa kanisani, huko Ugikuyu wimbo wa Muthirigu ulikuwa ukipokea beti mpya za kuwakejeli wamisionari na machifu, na mwaka uliofuata serikali ikaupiga marufuku. Mahadhi yalikuwa ya kila mtu, lakini aliyeyatumia alisimama mbele ya macho ya watu, akajulikana ni mwana wa nani; wala hapakuwa na haja ya hati.

Chombo cha kunasa sauti ndicho kilichomtenga mpigaji na pigo lake. Aghalabu husimuliwa kwamba sanaa ya kuunda muziki kwa sauti zilizonaswa ilizaliwa Paris mwaka 1948 kwa mikono ya Pierre Schaeffer, lakini insafu yadai tuanze Kairo, ambako Halim El-Dabh alinasa sauti za zari, ibada ya kupunga pepo, mwaka 1944 kwa mashine ya waya, akazigeuza redioni hata zikawa kitu kingine. Watu wa mwambao, ambao wanazijua ngoma za pepo, wasingestaajabu sana. Mashine ya kudondoa sauti ya Fairlight ilitoka Sydney mwaka 1979, na ile ya Akai, MPC60, mwaka 1988. Tangu hapo kijana mwenye vidole vyepesi ameweza kupiga ngoma ambayo hajapata kuiona.

Sheria za kale za hakimiliki zilimtambua mtunzi mwenye jina na mwenye kunasa sauti. Kundi lililorithi mapigo kwa mababu halikuwa na mahali pa kutia sahihi. Hugh Tracey alifika Kenya mwaka 1950 akinasa nyimbo, na hazina yake imehifadhiwa hata leo Afrika Kusini. Mwaka 2016 mradi wa Beating Heart uliwapa watayarishaji wa muziki wa dansi sauti ambazo Tracey alizinasa Malawi, kwa ahadi ya kurudisha huko sehemu ya mapato. Sidharau ahadi hiyo, lakini hisani hutoka kwa atakaye kutoa, na haki si hivyo. Joseph Kamaru, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilohilo, na ajulikanaye kwa jina la KMRU, alikwenda mbali zaidi katika albamu yake ya Temporary Stored ya mwaka 2022, akitumia sauti za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, hata msikilizaji akakabiliwa na swali la jinsi zilivyofika huko.

Mwaka huohuo wa 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za mapokeo, inayomtaka mtumiaji aombe idhini ya jamii na kugawana nayo faida, na inayozitaka kaunti ziweke daftari. Chuka imo Tharaka-Nithi, baina ya kaunti za Embu na Meru, na yamkini pakazuka mabishano juu ya pigo lipi ni la nani. Mimi nisingengoja mabishano hayo yaishe. Vikundi vya Chuka vimezoea kualikwa kwenye sherehe na kupatana ujira wa kucheza. Kupatana ujira wa sekunde mbili za ngoma yao si kazi ngumu, ila kwa mtayarishaji asiyependa kuulizwa amezitoa wapi.