Kuipamba simu kwa sikukuu bila ya kumfungulia mwizi

Sikukuu ikikaribia watoto husubiri nguo mpya na kupelekwa Mnazi Mmoja. Wakubwa nao siku hizi hupenda kuivisha simu: mwezi mwandamo, taa, maneno ya Idd Mubarak. Tunaeleza njia mbili za kufanya hivyo.

Ya kwanza ni picha. Piga mwenyewe au pokea ya jamaa, ifungue, kisha chagua kuiweka kwenye skrini. Haihitaji programu yoyote, na bando likiisha picha inabaki.

Ya pili ni programu ya mapambo, yenye taa zinazometameta na nyota zinazoanguka. Hii hula chaji, na nyingine huleta matangazo yanayomaliza bando.

Tatizo kubwa zaidi ni ruhusa. Mapambo hayana haja ya kusoma meseji zako. Programu ikiomba hilo, kataa na uifute. Namba za kuthibitisha akaunti mara nyingi huja kwa meseji, na anayezisoma anaweza kuingia kwenye akaunti zako, pamoja na za fedha.

Angalia pia jina la faili. Likiishia na apk, hata likitumwa na ndugu yako kwenye WhatsApp, hiyo si picha, ni programu. Usiifungue. Kwenye kompyuta ya skuli, jihadhari na exe.

Na ukipokea meseji ya utapeli, itume 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli.