Kuzima si kutenga: historia fupi ya mahali pa kukatia stima Nairobi

Leo naweka kando programu na hifadhidata, tuongee stima. Sio bili (hiyo tumeshalia nayo vya kutosha), bali kitu ambacho wengi wetu hatukioni kabisa: mahali pale ambapo stima ya mashine moja inakatwa, bila kuzima jengo zima. Westlands, Kilimani na Upper Hill majengo yanaota kama uyoga, na ndani yake mna vyumba vya seva, lifti, pampu, mitambo ya kuchapisha na jiko za hoteli. Kwa kila mashine kuna mtu aliyechagua kifaa cha kuikatia stima. Mara nyingi huchagua kwa bei. Mimi naona achague kwa historia, na nitawaeleza ni kwa nini.

Tuanzie kwa mkanda. Kabla ya mota za umeme kuenea, karakana ilikuwa na injini moja tu. Injini ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na kila mashine ilishuka nguvu yake kwa mkanda. Aliyetaka kusimamisha mashine moja alisukuma mkanda ukahamia kwenye puli iliyolegea, inayozunguka bure. Wengine waliendelea na kazi. Ukitaka kuelewa mambo haya nenda ukaangalie kinu cha posho kinachoendeshwa kwa dizeli: injini inanguruma, mkanda unapiga kelele, na mkanda ukitoka kila mtu anaona umetoka. Nguvu ilikuwa hatari, lakini ilikuwa hatari inayoonekana.

Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, mji wa mvuke. Hata neno letu "stima" tumelitoa huko kwenye mvuke wa Waingereza, likahamia kwenye umeme na likakaa. (Watanzania wanatucheka, lakini ni neno tamu.) Mnamo 1908 mhandisi Clement Hirtzel alikuwa na haki ya pekee ya kuuzia mji umeme, na hapo ikazaliwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Maji ya Mto Ruiru ndiyo yaliyozungusha mitambo. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Kisha 1954 ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake kujenga njia ya kuleta Nairobi umeme wa Uganda kupitia Tororo, kutoka bwawa la Owen Falls pale Jinja lililofunguliwa mwaka huo huo.

Sasa angalieni kilichotokea hapo. Mwenye kinu cha posho yuko hatua tatu kutoka kwa injini yake. Fundi wa Nairobi wa 1910 alikuwa na injini yake Ruiru. Fundi wa baadaye injini yake ilikuwa Jinja, nchi nyingine! Leo inaweza kuwa Olkaria, Turkana au Ethiopia, na hajui ni ipi. Kila waya uliporefuka, anayeshika chombo na chanzo cha nguvu walizidi kuachana. Na tofauti na mkanda, waya uliokufa na waya ulio hai vinafanana kama mapacha. Hakuna kelele, hakuna mzunguko, hakuna joto. Unajua kwa kushika, na ukijua kwa njia hiyo umechelewa.

Ndiyo maana nasema kuzima si kutenga. Kuzima ni kufanya mashine isimame. Kutenga ni kuhakikisha kwamba stima haiwezi kurudi mpaka wewe mwenyewe uiruhusu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tulicheka sana. Lakini fikiria fundi aliyeona giza akasema, "Hii ndiyo nafasi yangu ya kufungua hii mota." Stima ikirudi haipigi hodi. Na kwenye jengo lenye jenereta hata haisubiri tumbili aondolewe: ndani ya sekunde chache jenereta inawaka yenyewe na waya uliokuwa umekufa unafufuka.

Sisi watu wa programu tumeongeza tatizo jingine. Kuanzia 2009 Kenya Power ilianza kutuletea mita za tokeni. Ndani ya mita hiyo mna swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa tarakimu 20. Ni kazi nzuri ya hesabu: kila tokeni hubeba alama ya wakati, dakika zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1993 katika biti 24. Biti 24 ni dakika 16,777,216, karibu miaka 32, ndiyo maana hesabu ilijaa tarehe 24 Novemba 2024 na wateja wakaombwa mapema waingize tarakimu za kusasisha mita. Kwa kukusanya pesa, swichi hiyo inatosha kabisa. Kwa kulinda mkono wa fundi haitoshi hata kidogo. Mtu aliye mbali anaweza kutuma tarakimu ikawaka. Swichi ya ndani inaweza kuungua ikaganda ikiwa imefungwa, na kioo cha mita kikaendelea kuonyesha sifuri. Programu inaweza kuomba stima ikatike. Haiwezi kukuonyesha kwamba imekatika.

Basi, turudi kwenye mhimili wa juu darini, kwa sababu ulirudi kwa sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Detroit, Marekani, viliomba njia rahisi ya kuunganisha mashine zao kwa umeme kutoka juu. Mashine sasa zilikuwa na mota zake, na kila modeli ya gari ilipobadilika zilihamishwa. Ford alipoacha Model T mwaka 1927 alifunga uzalishaji kwa miezi kadhaa akibadilisha kiwanda. Kuvuta waya upya kwenye mabomba ya chuma kwa kila mashine ni kazi ya kukata tamaa. Jibu likawa pau za shaba ndani ya kisanduku kirefu cha chuma, kinachopita juu ya mashine zote, chenye vipenyo kila baada ya hatua chache. Unataka stima? Unachomeka boksi lenye swichi kwenye kipenyo kilicho karibu na unashusha waya mfupi. Mashine ikihama, boksi linahama nayo.

Hicho kisanduku cha pau tukiite basiba. Jina lake la Kiingereza limetokana na neno la Kilatini "omnibus", yaani "kwa wote", neno lile lile lililotupa basi la abiria. Watu wa kompyuta nao wakaliazima, ndiyo maana herufi ya mwisho ya USB (1996) ni hilo hilo basi. Wazo ni moja: njia moja ya wote, na kila mmoja anapanda na kushuka bila kusimamisha wengine.

Lakini kupanda na kushuka kuna adabu yake, na hiyo adabu unayo nyumbani. Chukua plagi yetu ya pini tatu za mraba, iliyotoka kwenye kiwango cha Uingereza BS 1363 cha 1947. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko zile nyingine mbili. Inaingia kwanza, inafungua vifuniko vya matundu ya chini, na ukichomoa inatoka mwisho. Kwa hiyo chombo chako hakipati stima hata mara moja bila ethi. (Na wewe unayesukuma kalamu kwenye tundu la juu ili kuchomeka chaja ya pini mbili, ujue unamhonga bawabu.) USB inafanya vivyo hivyo: vipande vya kuleta nguvu ni virefu kuliko vya data. Boksi zuri la basiba limejengwa kwa fikra hiyo hiyo, ila badala ya ampea 13 linaweza kubeba mamia.

Siku hizi basiba haimo viwandani tu. Jengo la ghorofa thelathini linaweza kupandishwa stima kwa upau mmoja wa wima, na kila ghorofa ikachomeka boksi lake. KICC ilipofunguliwa 1973 ikiwa na ghorofa 28 ilikuwa peke yake angani. Sasa Britam Tower ya Upper Hill, ya 2017, ina mita 200, na Westlands inaifuata. Kwa hiyo swali la boksi gani lichaguliwe limehama kutoka Detroit na Industrial Area hadi hapa kwetu. Haya ndiyo ningemuuliza muuzaji.

Kwanza, je, boksi hili lilipimwa pamoja na basiba hii? Maboksi ya mtengenezaji mmoja hayaingiliani na basiba ya mwingine, na kiwango cha IEC 61439-6 (2012) kinavihesabu kama mfumo mmoja. "Linaingia" si jibu. Likilazimishwa, mguso unalegea, unapata joto, na moto huanzia hapo.

Pili, swichi yake inatenga kweli au inazima tu? Tafuta kiwango cha IEC 60947-3, au breka iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kutenga. Mkono wa swichi usiweze kusema "zima" wakati vyuma vya ndani bado vimeshikana.

Tatu, linafungika kwa kufuli likiwa limezimwa? Kila fundi awe na kufuli yake na ufunguo mfukoni mwake. Akifanya kazi mtu wa pili, naye anaweka yake. Hakuna kufuli, hakuna kutenga, kuna matumaini tu.

Nne, mfuniko unakataa kufunguka swichi ikiwa imewashwa? Na boksi linakataa kuchomekwa au kuchomolewa swichi ikiwa imewashwa? Na ethi inagusa kwanza na kuachia mwisho? Haya matatu lazima yafanywe na chuma, si kwa bango la onyo. Hata hivyo, njia salama ya kuongeza boksi ni kuzima basiba yote na kuipima kwanza.

Tano, linastahimili mlipuko wa shoti wa mahali litakapokaa? Chukua transfoma ya kVA 1000 kwa volti 415 yenye impidansi ya asilimia 5. Mkondo wake wa kawaida ni ampea 1,391. Shoti ikitokea pale pale kwenye vituo vyake, inafika karibu ampea 28,000. Breka ndogo ya nyumbani iliyoandikwa ampea 6,000 ikiwekwa hapo haikati, inapasuka. Ukienda mbali kwenye basiba namba inapungua, lakini ipigiwe hesabu, isikisiwe.

Sita, fyuzi au breka? Fyuzi hukata shoti kubwa upesi sana na kwa bei nafuu, lakini lazima uwe na akiba ya saizi ile ile. Ikikosekana usiku wa Jumamosi, mtu atafunga kipande cha waya na ulinzi utakuwa umeisha. Breka huwashwa tena bila spea, ila ni ghali na inahitaji kukaguliwa. Chagua ile ambayo watu wako wataitunza, sio ile iliyo nzuri kwenye karatasi.

Saba (hii ni yetu sisi wa seva), nyutro ni ya ukubwa kamili? Kompyuta na taa za LED hurudisha mikondo ambayo kwenye nyutro haifutani, inajumlishana. Nyutro nyembamba itachemka huku fezi zote zikionekana ziko sawa.

Na mwisho, mkono unafika? Basiba iko juu. Swichi ambayo haifikiki kwa fimbo ya ndoano au mnyororo kutoka sakafuni ni swichi ambayo siku ya moto haipo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wa wanaofanya kazi hapo. Lakini sheria haipandi ngazi. Anayepanda ni kijana aliyesomea pengine hapo Kabete, chuo kilichoanza 1924 kama Native Industrial Training Depot, ambaye hakuulizwa wakati boksi linanunuliwa. Kwa zaidi ya miaka mia tumekuwa tukisogeza chanzo cha stima mbali naye. Boksi lenye swichi inayotenga, karibu na mashine, na nafasi ya kufuli yake, ndicho kitu kinachomrudishia kile alichokuwa nacho mwenye kinu cha posho: kuona kwa macho yake kwamba mkanda umetoka.

Kama jengo lenu lina basiba, kesho inueni macho mhesabu ni maboksi mangapi yana mahali pa kufuli. Mkishahesabu, muulizeni fundi wenu kufuli zenyewe ziko wapi.