Utando mwangavu: kinachobambuka kwenye mlango wa chuma

Milango ya chuma yenye sura ya mbao imejaa mijini mwetu. Mingi huletwa kutoka China, na mji wa Yongkang mkoani Zhejiang unajulikana sana kwa viwanda vyake. Jua likishaupiga mlango wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, upande wa nje hutokwa na mabaka meupe, kisha kitu chembamba kisicho na rangi huanza kuinuka kingoni na kubambuka vipande vipande. Mwenye nyumba humwambia fundi kwamba vanishi imetoka. Fundi anayejua vanishi ya mbao huja na msasa mkavu, akasugua kwa nguvu kama anavyosugua meza ya mninga, na kufikia mchana mishipa ya mbao imefutika, chini yake pametokea rangi tupu ya kahawia.

Kosa hilo limeanzia kwenye jina. Neno vanishi kwetu limefungamana na mbao, na mbao halisi husamehe: ukiisugua, chini yake kuna mbao nyingine. Mlango huu una bati la chuma, juu yake rangi ya unga iliyookwa, na juu ya rangi hiyo picha ya mbao. Aghalabu picha hupigwa kwa karatasi au plastiki yenye wino, inayobanwa kwenye rangi na kupashwa moto wa karibu nyuzi 200 za Selsiasi hadi wino uhamie. Mwisho hupakwa tabaka lisilo na rangi la kuilinda. Mafundi wa magari wana jina la tabaka hilo, klia, nalo hueleweka gereji yoyote. Kwa maandishi napendekeza utando mwangavu. Rangi angavu isingefaa, maana wengi wetu huielewa kuwa rangi inayowaka, kama njano ya kanga. Utando unasema wembamba wake, na mwangavu unasema kwamba nuru hupita.

Kupita huko kwa nuru ndiko kunakouponza. Rangi ya kawaida ina chembechembe, kwa mfano za titani dioksaidi, zinazozuia mwanga usizame ndani. Utando mwangavu hauwezi kuwa nazo, la sivyo picha isingeonekana. Kwa hiyo mionzi ya urujuanimno huupenya na kudhoofisha mahali hasa utando unaposhikana na kilicho chini yake. Watengenezaji makini huchanganya kemikali za kufyonza mionzi hiyo, lakini nazo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Chuma nacho hakitulii. Mita 1 ya chuma hurefuka takriban mikroni 12 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Mlango wa mita 2 uliopata nyuzi 40 zaidi ya alfajiri umeongezeka karibu milimita 1. Utando uliokwisha kukakamaa haufuati mnyumbuko huo. Hupasuka nyufa ndogo, maji ya mvua yakaingia, ukabanduka.

Kabla ya kununua chochote, pima mshiko wa sehemu inayoonekana bado nzima. Bandika selotepu ngumu, ikandamize, ivute kwa ghafla. Viwandani hufanya hivyo baada ya kuchanja miraba midogo kwa kisu, na kiwango cha ISO 2409 hutoa alama kuanzia 0, yaani hakuna kilichong'oka, hadi 5. Selotepu ikitoka na utando kila unapojaribu, kiraka hakitadumu. Hapo ushauri wangu ni kuachana na sura ya mbao: sugua mlango wote, paka praima, kisha rangi moja ya mafuta ya nje. Utakaa vizuri zaidi kuliko picha iliyoshonwashonwa.

Utando ukiwa umeshika sehemu kubwa, osha kwa maji na sabuni, bandua vilivyolegea kwa kipande cha plastiki, kisha lainisha kingo tu kwa msasa wa maji namba 400, mkono ukiwa mwepesi. Picha yenyewe usiiguse. Chuma kikionekana, ondoa kutu na upake praima ya kuzuia kutu. Palipofutika mishipa, ichore upya kwa brashi nyembamba. Jaribu klia kwanza pembeni karibu na bawaba, kwa sababu tina kali iliyomo ndani yake, yaani kiyeyushi, huweza kuyeyusha wino. Ikikubali, paka matabaka mawili au matatu mepesi kivulini, umande ukiwa umekauka na bati likiwa halijapata moto.

Chagua klia ya nje iliyoandikwa kwamba inahimili jua. Ile ya magari inayochanganywa na haadena, yaani dawa ya kuigumisha, ni imara, lakini haadena yake kwa kawaida ina isosianati, ambayo ikivutwa puani inaweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Iachwe kwa wapulizaji wenye vifaa vya kupumulia.

Kuna kipindi kabla ya haya yote ambapo mlango umepauka tu, mng'ao umekwenda lakini hakuna kilichoinuka. Wakati huo kuosha, kukwaruza kidogo kwa msasa laini na kuongeza tabaka moja kunatosha, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.