Ukoo, Chama na Jumuiya: Historia ya Umoja Wetu Karagwe



Wiki hii tuitazame njia waliyopita wazee wetu katika kujenga umoja, tupate kujipima sisi wenyewe, kuanzia Rugera hadi mpakani Kyerwa.

Speke na Grant walipofika Bweranyange mwaka 1861, walipokewa na Mfalme Rumanyika wa ukoo wa Bahinda. Zama hizo mtu alitambulikana kwa ukoo wake. Kibanja cha migomba kilirithiwa na watoto, na msiba wa mmoja ulikuwa msiba wa ukoo mzima. Huo ulikuwa utajiri mkubwa. Hata hivyo, mgeni asiye na ndugu alibaki pembeni.

Kahawa ilileta umoja wa namna nyingine. Wakulima wa Bukoba, wakiongozwa na Klemens Kiiza, waliunda chama chao, na mwaka 1950 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika, BNCU. Ushirika haukumwuliza mtu ukoo wake bali mazao yake. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU. Lakini je, asiye na hata mche mmoja wa mbuni, nani alimhesabu?

Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iliwaagiza wananchi wote wa vijijini wahamie katika vijiji vya pamoja. Nyumba zilisogezwa kwa amri, na mahali pengi kwa nguvu. Mioyo haikusogea kwa amri hiyo. Ujirani hukua polepole kama mgomba, na mgomba uliong'olewa huchukua muda kushika tena.

Miaka hiyohiyo, Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, alichagua kwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga. Hakutumwa na serikali. Aliamini kwamba Utatu Mtakatifu ni maisha ya kushirikiana ambayo tunaalikwa kuyaiga. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao. Jumuiya hizo hazikuulizia ukoo wala mazao. Zilimwita kila mwamini anayeishi jirani: mwenyeji na mhamiaji, mwenye shamba na kibarua.

Hiyo ndiyo amana tuliyoachiwa, nasi katika Jimbo la Kayanga, lililozaliwa kutoka Rulenge mwaka 2008, ni warithi wake. Je, tunaitunza? Katika jumuiya zetu nyingi kikao huanza kwa sala fupi na kumalizikia kwenye daftari la michango. Aliyelipa husomwa jina. Asiyelipa huona aibu, wiki inayofuata haji. Baadaye tunamkumbuka anapohitaji saini ya ubatizo wa mtoto wake. Tukifanya hivyo, tumeirudisha jumuiya kuwa chama cha wenye nacho.

Ndugu zangu, kabla ya kikao kijacho, kila mmoja ajiulize: katika jumuiya yangu, ni nani ameacha kuja, na ni nani kati yetu aliyekwenda kumbishia hodi?

Nawatakia Dominika njema.